Papai Si Majani Chai

Mlipokuja kuniaga, ninyi maafisa vijana wa lishe, mlisema, "Madam Rael, tuandikie kitu cha kututia moyo." Nimekaa na kalamu siku nyingi hapa nyumbani, nyuma ya Silibwet, ng'ombe wakinitazama dirishani kama wanaosubiri niwasomee, na nimeona kwamba moyo mnao wa kutosha. Mna afya, mna vyeti, mna pikipiki za ofisi. Mlichopungukiwa ni hasira. Mimi ninayo nyingi, na kwa kuwa nimestaafu sina tena mahali pa kuipeleka asubuhi. Basi nitawagawia.

Vyeo sitavitaja. Nilipanda kama watu wengi wanavyopanda, kwa kukaa sana. Nitaandika habari za kisu, kitambaa cheusi, wazee wawili walionifundisha kazi, na mtoto mmoja ambaye sasa ni mtu mzima.

Siku ya kwanza niliripoti ofisi ya kilimo nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Anayejua matope ya huku mwezi wa Aprili hahitaji kuelezwa zaidi. Niliajiriwa kuwa afisa wa lishe, na bosi wangu wa kwanza, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda sana kiti chake, alinikabidhi kisu cha jikoni akaniambia, "Nenda kwa akina mama uwafundishe kitu." Akina mama wenyewe waliniuliza kama nimeleta unga wa keki. Miaka ile afisa wa kike alijulikana kama mtu wa keki. Nilikuwa na kisu tu, kwa hiyo tulikata matunda.

Matunda yalikuwa yakioza kila mahali. Mapera yalianguka kando ya uzio yakaliwa na kuku. Papai na maembe yalipanda na malori kutoka mabonde ya chini yenye joto, yakaiva pamoja na kuoza pamoja, huku watoto wa wachuma chai wakishinda kwa chai ya rangi na ugali. Nikajiambia kwamba kazi yangu itakuwa kukausha. Sikujua kukausha, lakini nilikuwa kijana, na ujinga wa kijana una nguvu nyingi.

Aliyenifundisha ni Mzee Kamau, fundi seremala wa Silibwet. Wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa Mlima Kenya akiwa mgongoni, na Kikipsigis chake kilikuwa na kona zake, lakini hakuna aliyethubutu kumcheka kwa sababu ndiye aliyetengeneza majeneza ya kila mtu. Nilimwomba anitengenezee sanduku la kukaushia. Nilikuwa nimechora kitu chenye kioo juu, wazi kwa jua kama kaburi la tajiri.

Aliutazama mchoro, akautumia kufutia gundi. "Mami," akaniambia, "wewe unafikiria jua ndio inakausha. Upepo ndio inakausha. Jua ni kuni tu."

Sentensi hiyo ndiyo shahada yangu. Alinitengenezea sanduku la mbao za mkangazi lililoinuliwa kwa miguu, matundu chini na matundu juu ili hewa ipite, trei za wavu wa nailoni, na juu ya karatasi ya plastiki akatandika kitambaa cheusi. Jua lilipiga kitambaa, kitambaa kikapasha hewa, hewa ikapanda ikipitia kwenye matunda ambayo yenyewe yalikuwa yamelala gizani. Miguu ya sanduku aliisimamisha ndani ya mikebe ya maji kwa ajili ya siafu. Siafu wa huku wanajua lishe bora kuliko wakubwa wengi niliowahi kufanya nao kazi.

Giza hilo lina maana yake, nanyi mshike vizuri kwa sababu kila mwaka naona limesahauliwa. Ile rangi ya machungwa ndani ya papai na embe ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A ndiyo macho. Ukianika vipande juu ya mabati, jua linaila rangi hiyo kama linavyokula rangi ya leso iliyosahauliwa kwenye kamba. Vitamini C nayo inaogopa moto na inaogopa hewa. Ukikausha kwa joto kali inakimbia, na ukichelewa sana bila kukausha inakimbia vilevile. Nilijaribu kila njia. Mabati yalikausha haraka na kutoa vipande vilivyopauka, vyenye vumbi na miguu ya nzi. Darini juu ya meko, pale mama zetu walipohifadhi mahindi, vilitoka na harufu ya moshi hata mbuzi alivikataa. Sanduku la Kamau lilikwenda polepole na mvua ya alasiri ilitutesa, lakini papai lilitoka likiwa na rangi ya papai.

Kwa hiyo nikawa nafundisha hivi, kutoka Kaplong hadi vilima vya Bomet. Chagua tunda lililoiva lakini bado lina mwili. Tumia kisu kisichoshika kutu. Kata vipande vyembamba kama kidole kidogo cha mtoto. Kamulia ndimu ili visibadilike rangi. Tandaza mara moja, visilaliane. Funika na kitambaa cheusi. Kipande kikiwa tayari kinapinda bila kunata, kikivunjika umepitisha. Weka ndani ya mkebe wa kufunga, mahali pa giza. Mpe mtoto pamoja na maziwa au parachichi, maana vitamini hii haiingii mwilini bila mafuta. Mwisho kabisa, na hapa nilikuwa nikigonga meza: tunda lililokaushwa linasaidia tu. Sukari yake imebaki yote, vitamini zake zimepungua hata ukilikausha na malaika. Haliondoi mboga sahanini.

Kazi hiyo ikawa mradi, na Mkurugenzi wa mradi alikuwa akija kwenye mafunzo hayo. Jina lake silitaji. Wenye kumjua watamjua kwa koti. Alikaa mstari wa mbele, alitikisa kichwa mahali panapostahili, na mwaka mmoja alifunga mafunzo kwa kurudia maneno yangu yote, pamoja na yale ya malaika. Kumbukeni hilo.

Kisha nikahamishiwa upande wa Mulot. Huko kuna vumbi, ngano, ng'ombe wanaovuka barabara wakitazama magari kwa dharau, na jua ambalo sisi wa kwenye chai hatulijui. Nilikaa huko nikifundisha kukausha mboga. Nilisikia tu kwamba mradi umekua, umepata wafadhili, umejenga jumba la kukaushia karibu na Kaplong. Nikafurahi, jamani. Nilinunua soda.

Niliporudi kuhudumu upande ule, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kuliona jumba. Nilisikia harufu kabla ya kuingia getini, nayo ilikuwa harufu ya kiwanda cha chai.

Msimamizi alikuwa Mzee Arap Tonui. Alikuwa amestaafu kutoka draya, yaani tanuri la kukaushia, la kiwanda cha majani chai, na watu walisema angeweza kusimama barabarani akakuambia kwa pua kama chai ya leo imeungua. Alinipokea kwa heshima zote.

"Chamgei, Madam. Karibu uone," akasema. Akachota vipande kwa mkono, akaviangusha ndani ya bakuli la bati, vikalia kama changarawe. Vilikuwa vyeusi. "Umesikia? Hii sasa ni gredi ya kwanza. Nimepea moto kamili."

Pembeni, akina mama walikuwa wamekata papai na kulirundika kwenye sakafu, wakalifunika na magunia. Tabaka la chini lilikuwa limeshakuwa la kahawia.

"Mzee, mbona mnairundika kwanza?"

Akanishangaa. "Si lazima ibadilike rangi? Majani usipoiacha ibadilike, unakunywa nyasi."

Alikuwa amesema kweli. Jani la chai hunyaushwa, likapondwa, likaachwa lipate hewa mpaka liwe na rangi ya shaba, kisha likapigwa moto mkali. Kahawia ile ndiyo iliyotulipia karo sote. Hakuna mtu katika vilima hivi asiyejua kwamba kitu kikigeuka rangi kimeiva kazi. Lakini kwenye papai kahawia hiyo ni hasara inayoonekana kwa macho, na moto wa chai ukija juu yake unamaliza kilichobaki. Mzee Tonui alikuwa ametengeneza chai bora kabisa ya papai. Hakuna aliyemwambia kwamba watoto hawakuhitaji chai.

Nikamweleza palepale, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Na huyo mkubwa alijua?"

Nikamwambia alijua.

Akina mama waliokuwa wakikata papai wakanitajia Emily. Alikuwa mmoja wao, mchuma chai katika mashamba ya majirani, na alikuwa hajaonekana kazini kwa sababu mtoto wake alikuwa ameugua surua. Nikaenda kwake jioni hiyo hiyo. Cherotich, binti yake, alikuwa na umri wa kuanza nasari. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango na leso usoni, hataki mwangaza. Nilipoifunua niliona jicho moja limekauka halina mng'ao, na la pili lina ukungu mweupe.

"Surua imeisha," Emily akasema. "Lakini hata kabla ya surua alikuwa ananiambia jioni inaingia mapema. Tukienda kukamua, anagonga ndoo. Mimi nikamchapa, nikasema ni ujeuri."

"Anakula nini, Emily?"

"Hiyo papai yenu, Madam. Sijawahi kukosa kumpea."

"Na mboga? Maziwa?"

"Maziwa yote inaenda deri, inauzwa. Malenge nikauza. Si walituambia pakiti inatosha?"

Nilimuuliza nani aliwaambia. Akasema ni Mkurugenzi mwenyewe, siku ya uzinduzi, chini ya hema, akiwa ameinua pakiti juu. Alisema mama akiwa na pakiti hiyo ameshapata mboga, maziwa na matunda mahali pamoja. Watu walipiga makofi. Emily pia alipiga.

Nimekasirika mara nyingi katika kazi hii. Nimekasirikia barabara, nimekasirikia mvua, nimemkasirikia mkaguzi aliyekula sampuli. Hasira ya jioni ile ilikuwa ya aina nyingine, na haijatoka. Tulimbeba mtoto kwa pikapu ya maziwa, tukamfikisha hospitali, na muuguzi hakutuuliza maswali mengi. Alimtazama tu, akaenda moja kwa moja kwenye kabati na kumpa vitamini. Jicho lililokauka likarudi. Lile lenye ukungu halikurudi. Lilibaki na doa jeupe, na liko hivyo hadi leo.

Sisemi papai lilimpofusha mtoto. Surua ndiyo iliyompiga, na surua humkuta kila mtoto kwa njia yake. Ninachosema ni kwamba ilimkuta hana akiba, na akiba hiyo mama yake aliitoa nyumbani kwa mikono yake, maziwa kwa malenge, kwa sababu mtu mwenye koti alimwambia inatosha.

Nilikwenda ofisini kwa Mkurugenzi nikiwa bado na matope. Nilimwambia moto uzimwe, na akina mama waitwe tena chini ya hema lile lile waambiwe ukweli.

"Madam Rael," akasema, "mtoto alikuwa na surua. Usituletee siasa."

"Ulikaa mstari wa mbele. Ulinisikia nikisema haiondoi mboga sahanini."

"Sanduku zako zinatoa kilo ngapi? Wageni wanakuja kuona tani. Hiyo ya kahawia inakaa kwa duka bila shida, watu wanaipenda, inafanana na kitu ya kiwanda. Matunda ni matunda."

Ninaweza kumsamehe mtu asiyejua. Tonui hakujua, na sikuwahi kumkasirikia hata kwa dakika. Huyu alijua kila kitu nilichokijua, alikuwa amekirudia kwa sauti yake nzuri, na alipohitajika kuchagua akachagua tani. Nilimwambia hivyo. Sikupandishwa cheo mwaka huo, lakini nilisema vyeo sitavitaja.

Hema halikusimamishwa. Tukafanya kazi ya hema kwa miguu, nyumba kwa nyumba, mimi na akina mama wa jumba. Emily ndiye aliyetembea kuliko sote. Alikuwa akiingia kwenye boma la mtu na kusema jambo lake bila salamu ndefu: "Usiuze malenge." Basi, anatoka.

Mzee Tonui alizima moto siku niliyomweleza habari za Cherotich. Alifunga mlango wa tanuri, akaning'iniza ufunguo shingoni. "Kama wananifukuza, wanifukuze," akasema. "Mimi nimekausha miaka mingi na sijawahi kuunguza macho ya mtu." Hawakuweza kumfukuza kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua mashine ile. Nikampeleka Silibwet kwa Mzee Kamau, ambaye alikuwa amezeeka lakini bado anajua kufuta gundi kwa michoro ya watu. Wazee hao wawili walibishana wiki nzima, mmoja akitetea moto, mwingine upepo. Mwishowe wakapunguza moto kabisa, wakaweka feni ya kusukuma hewa, wakaziba madirisha kwa kitambaa cheusi, na papai likaanza kutoka jumbani likiwa na rangi yake. Mzee Tonui alipinda kipande cha kwanza, kikapinda hadi ncha zikagusana. Kisha akakiangusha ndani ya bakuli la bati, kikatua bila mlio.

"Haiongei," akaniambia, kwa masikitiko kidogo. Alizoea kitu kizuri kilie.

Miaka hiyo ilikuwa mizuri na ndiyo sababu sina mengi ya kuisemea. Wazee wote wawili sasa wamelala. Nikahamishwa, nikarudishwa, nikahamishwa tena. Cherotich alikua, akaenda shule, akaingia kufanya kazi jumbani pale pale mama yake alipokatia papai. Akizungumza nawe anageuza kichwa kidogo ili akuweke upande wa jicho zima. Nilimpa kisu changu cha kwanza, kile cha bosi wa kiti.

Sasa nije kwenye siku ya kuniaga, maana wengi wenu mlikuwepo na mlidhani nimechanganyikiwa.

Mkurugenzi alikuwa mgeni wa heshima. Koti limekuwa kubwa zaidi. Alishika kipaza sauti akaeleza jinsi mimi na yeye, mimi na yeye, tulivyopigania macho ya watoto wa wachuma chai. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, akanyoosha mkono. "Tazameni matunda ya kazi yake." Na pale mstari wa mbele alikuwa amekalishwa Cherotich, amevishwa fulana ya mradi, aje kunikabidhi kikapu cha zawadi mbele ya kamera. Mtu alikuwa amempanga ili jicho jeupe liwe upande wa ukuta.

Cherotich alikuja na kikapu. Juu kabisa kulikuwa na pakiti ya papai, plastiki inayoonyesha ndani, maandishi ya dhahabu yakitangaza vitamini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alipoinama kunikumbatia akageuza kichwa, akaniweka upande wa jicho zima, akaninong'oneza sikioni.

"Madam, usikule hii. Walirudisha moto mwezi uliopita. Nilikataa, wakanitoa kwa draya, wakaniweka kwa geti."

Nikaitazama pakiti. Ilikuwa nyeusi kama majani.

Nilipewa kipaza sauti niseme asante. Nilisema asante kwa akina mama, kwa Emily, na kwa wazee wawili walio kaburini. Kisha nikafungua pakiti, nikatembea hadi meza kuu, nikamwekea Mkurugenzi kipande kimoja mkononi, na kumwomba ale mbele ya watu waliokuja. Alicheka. Alisema Madam Rael na mizaha yake. Watu nao wakacheka, ninyi pia mlicheka, nami nikabaki nimesimama pale nimemshikia kipaza sauti karibu na mdomo, mpaka kicheko kikaisha na akakosa la kufanya ila kula.

Akauma. Kikavunjika, na ukumbi mzima ukasikia.

Jumba liko kando ya barabara ya Kaplong, mlango wa kijani. Ukifika getini utampata Cherotich, naye atakuambia leo wamewasha moto kiasi gani. Pikipiki mnazo.